Namba za Jua Lingine

Jumapili, 10 Machi 1996

Masika yameingia. Tangu tulipotoka kanisani ukungu umekaa juu ya kilima, na mnara wa kituo hauonekani ila mguu wake. Kiangazi siandiki. Kiangazi kuna viazi, kuna kuni, kuna watu wa kutembelea. Masika mtu hubaki na kalamu.

Jana lori la mnunuzi wa kabichi kutoka Dar es Salaam lilikwama kwenye tope chini ya kituo, naye akapanda kuomba majembe. Akautazama mnara na nyaya zake, akauliza kama ni redio ya mtu binafsi, maana siku hizi kila mwenye fedha anafungua redio. Nikamwambia ni rada.

"Ya ndege?"

"Ya juu zaidi ya ndege. Inatazama plasma."

Nikamweleza kama nilivyozoea kuwaeleza wageni tangu 1974. Kilomita mia mbili, mia tatu juu yetu, hewa ni nyembamba mno, na jua huipiga mpaka chembe zake zinavunjika na umeme wake unatengana. Hewa ya namna hiyo ndiyo plasma. Rada yetu inatupa wimbi la redio moja kwa moja juu, plasma inalirudisha, nasi kwa muda liliotumia kurudi tunajua tabaka hilo liko umbali gani. Kisha tunapandisha masafa ya wimbi, kidogo kidogo, mpaka lifike wimbi ambalo plasma haiwezi kulizuia. Hilo linapenya na halirudi. Masafa ya wimbi la mwisho kurudi ndiyo namba tunayoiandika. Jua likiwa kali namba ni kubwa, jua likitulia inashuka.

Mnunuzi akacheka. "Kwa hiyo, mzee, mnapima kitu kisichoonekana kwa wimbi lisiloonekana, na serikali inawalipa?"

Twaha, fundi wetu wa jenereta, alikuwa mlangoni anafuta mikono. "Inatulipa mshahara usioonekana," akasema. "Shika jembe, mgosi, kabla kabichi zako hazijaota mizizi humo humo."

Jumatano, 13 Machi

Mvua usiku kucha. Mke wangu, Mama Mika, na mimi tumesoma filamu za rada, tumeafikiana yote.

Jumatatu, 18 Machi

Leo tumetofautiana.

Nieleze tunavyofanya kazi, hata kama najielezea mwenyewe, ili nijue nimeona nini. Rada huandika mwangwi wake kwenye filamu. Filamu husafishwa chumba cha giza, kisha husomwa na wasomaji wawili, kila mtu na nakala yake na kioo chake cha kukuzia, wamepeana mgongo, bila kusema neno. Mzungu aliyetufundisha aliishika sana kanuni hiyo. Alisema msomaji akiwa peke yake, baada ya miaka michache huona kile anachotarajia kukiona. Aliyemaliza hugonga meza. Wakishagonga wote wawili hugeuka na kulinganisha, na wakitofautiana zaidi ya nusu megahezi hurudia. Siku yenye namba ya mtu mmoja haihesabiwi.

Wasomaji hao, kwa miaka yote hii, ni mimi na mke wangu Esteria. Alikuwa mwalimu wa hesabu Mlalo, mimi karani wa posta. Majirani husema hatugombani kwa sababu tumezoea kugeuziana mgongo.

Leo, kwa mwangwi wa adhuhuri, mimi nimesoma saba nukta tisa. Yeye kumi na mbili nukta nane.

"Rudia, Mama Mika."

Akainama tena juu ya kioo, akakaa, akagonga meza. "Kumi na mbili nukta nane. Baba Mika, kapimwe macho. Misheni wanapima."

Nilikwenda kutazama kwa kioo chake. Mstari ulikuwa pale, mweusi kama wanja, na umeishia saba nukta tisa.

Jumanne, 19 Machi

Mimi saba nukta sita. Yeye kumi na mbili nukta tatu.

Alhamisi, 21 Machi

Mimi nane kamili. Yeye kumi na tatu nukta moja. Maharage yameota. Mvua.

Jumatatu, 25 Machi

Taasisi yenye kituo imetujulisha kwamba kuanzia Julai kompyuta ndiyo itakayosoma. Sisi tutapunguzwa, na nyumba hii ya kituo itarudishwa. Kila kitu siku hizi kinapunguzwa, isipokuwa bidhaa madukani.

Mimi nilikwisha kuhamishwa mara moja, nikiwa kijana, shamba la chai lilipouchukua mlima wetu kule Zirai. Asubuhi isiyo na ukungu nauona kutoka hapa, ng'ambo ya bonde, na hata leo macho yangu hutafuta paa la baba mahali ambapo najua hakuna paa. Nimezoea. Anayenitia hofu ni mke wangu. Humu ndani hajawahi kukosea mlango, hata gizani. Lakini wiki iliyopita, sokoni Mlola, alimwuliza Latifa, mke wa Twaha, njia ya kwenda kituoni, kama mgeni.

Mimi saba nukta saba. Yeye kumi na mbili nukta tisa.

Alhamisi, 28 Machi

Nimeelewa.

Namba zake si za ovyo. Mtu anayekosea hukosea huku na huku. Zake zinapanda na kushuka kama plasma halisi inavyopanda na kushuka, ila ni plasma ya jua kali, na mwaka huu jua limelala. Jua lina mzunguko wake, miaka kumi na moja hivi, na namba kubwa namna hii tumeziona mara mbili tu tangu kituo kifunguliwe. Nikafungua kabati nikatoa kumbukumbu za 1979. Tarehe kwa tarehe, ndizo zenyewe.

Hakuna muujiza. Mwaka ule wote aliunakili kwa mkono, mara tatu, kwa ajili ya vituo vya nje, na hakutaka nimsaidie. Nilidhani kazi ile ilikuwa inampoza. Kumbe namba zilikuwa zinaingia na kukaa, kama nyimbo za kanisani zinavyokaa.

Jioni, akimenya viazi, akaniuliza, "Redio imesemaje? Wameshafika Entebbe?"

Nikasema bado.

"Mika hajui kuogelea," akasema. "Na kule kuna ziwa."

Mika ni mtoto wetu wa pekee. Alikwenda vitani Uganda na vijana wenzake wa mgambo, mwanzoni mwa 1979, akiwa na miaka ishirini na mmoja. Hakurudi. Habari ilitufikia tarehe nane Mei.

Mimi niko Machi 1996. Mke wangu yuko Machi 1979, na siku zetu zinakwenda sambamba.

Jumatano, 3 Aprili

Nimewaambia Twaha na Latifa, kwenye banda la jenereta, mashine ikinguruma ili Mama Mika asisikie.

Twaha akasema apelekwe hospitali ya Lushoto. Nikamwambia daktari wa misheni amekwisha kumwona; alisema ni uzee wa ubongo, hauna dawa, asihamishwe mahali alipopazoea.

"Na mwacheni," Latifa akasema. "Huko aliko mwanawe yu hai. Mnataka kumrudisha huku ili iweje?"

"Mama amekwama," Twaha akasema.

"Nani hajakwama? Wewe umekwama kwenye bei ya sukari ya zamani, kila siku unanisimulia kilo moja ilikuwa shilingi ngapi."

"Nakusimulia ili uniwekee kidogo kwenye chai."

Nikawaambia hajakwama. Laiti angekuwa amekwama. Anatembea. Kila asubuhi anaamka siku moja mbele, kama sisi.

Latifa akanitazama. "Ile habari ilikuja lini?"

"Nane Mei."

Akajifunika mdomo kwa kanga.

Jumamosi, 6 Aprili

Kesho Pasaka. Nilikwenda naye Mlalo. Alitaka kumtumia Mika kifurushi.

Duka la Rashidi limejaa mpaka darini: kandambili, betri, sabuni za rangi zote. Mama Mika, ambaye kwake bado ni miaka ya mgawo, alisimama mbele ya sabuni, akanishika mkono wa koti. "Usishangae," akaninong'oneza. "Wakiona tunashangaa watasema zimekwisha."

"Karibu mama, chagua!" Rashidi akapaza sauti. "Mzigo umeingia jana kutoka Dubai!"

"Polepole, mwanangu," akamwambia. "Ukipiga kelele hivyo watakufunga. Naruhusiwa mbili?"

"Mbili? Mama, chukua hata katoni!" Akaanza kucheka, akayaona macho yangu, akaacha. Kisha, Mungu ambariki, akatazama huku na huku kama mlanguzi, akazifunga sabuni mbili kwenye gazeti na kumpitishia chini ya meza. "Usimwambie mtu, mama."

Alizificha chini ya kanga, akatoka mwendo wa haraka, uso unang'aa. Sijamwona ana furaha namna ile kwa miaka.

Jioni alifunga kifurushi: sabuni mbili, soksi alizofuma mwenyewe, kahawa. Aliandika jina la Mika kwa herufi za kialimu. Nimeahidi kukituma. Kiko chini ya kitanda, upande wangu.

Alhamisi, 11 Aprili

Mama Mika alitoka nje anagonga sufuria kwa mwiko. "Kampala imeanguka! Wameingia Kampala!" Twaha alikuja mbio akidhani jenereta imelipuka. Aliposikia, alinitazama mara moja tu, akavua kofia. "Hongera sana, mama. Hongera kwa kijana."

"Sasa atarudi. Lete panga, Twaha, tufyeke njia. Nyasi zimefika magotini, atadhani tumehama."

Wakafyeka njia, mwanamke wa miaka sitini na sita na fundi wa jenereta, manyunyu yakiwaangukia, yeye akiimba. Nami nikachukua fagio. Naandika bila kujitetea: kwa muda fulani nilikuwa nafagia njia kweli kweli, ili mwanangu apite.

Kisha nikakumbuka kwamba mwaka ule pia tulifagia, na Mika alikuwa amekwisha kuzikwa tangu Machi.

Jumamosi, 20 Aprili

Filamu za jioni ni nzuri mwezi huu. Jua likizama, tabaka la plasma linainuka ghafla, kama maziwa yanayochemka, halafu linapasuka mapovu, na mwangwi wake unatawanyika filamu nzima. Saa kama hizo hakuna namba ya kuandika. Tunaandika kwamba mwangwi upo lakini hausomeki.

Yeye ameandika hivyo hivyo leo. Ni mara ya kwanza kuafikiana tangu Machi. Alifurahi. "Umeona? Miwani imekusaidia."

Sina miwani mipya.

Jumapili, 28 Aprili

Idi ya kuchinja. Latifa ametuletea pilau na mguu wa mbuzi.

"Kula, mama," Twaha akasema. "Nimechinja kwa mkono wangu."

"Ndiyo maana ni mgumu. Umemchinja au umembembeleza?"

Alikula sana. Aliomba na mfupa. Twaha akasema Walutheri hula kwa niaba ya dini zote. Mama Mika akamrushia ganda la ndizi.

Natamani tungesimama hapa.

Alhamisi, 2 Mei

Mama Mika hakula mchana. "Nimeshiba," akasema. Usiku pia.

Ijumaa, 3 Mei

Maji na chai ya rangi tu. Mvua kubwa, udongo umeporomoka barabara ya Mlalo. Mimi saba nukta nne. Yeye hakusoma. Alikaa dirishani anaitazama njia.

Jumamosi, 4 Mei

Latifa alikuja na uji wa ulezi, wenye maziwa. Mama Mika aliupokea kwa mikono miwili, akashukuru, akauweka chini. Latifa akachota kijiko, akamwekea mdomoni kama mtoto. Akafumba midomo. Uji ukamtiririkia kidevuni, naye akaona aibu, na Latifa akaenda kulia jikoni.

Jumapili, 5 Mei

Sikwenda kanisani. Nilikaa kitandani kwake, nikamwuliza kwa nini hali.

"Kama sijala," akasema, "hawawezi kuniambia."

"Nani?"

"Hao wanaokuja."

Nimekaa na maneno hayo tangu asubuhi. Nadhani najua yametoka wapi, na nitayaandika, ingawa sijawahi.

Huku kwetu habari ya msiba haisemwi kwa mtu mwenye njaa. Aliyefiwa hatakula tena kwa siku nyingi, kwa hiyo anayebeba habari huhakikisha kwanza kwamba amekula. Wanaokuja husalimia, huuliza mashamba, huomba maji, na kama chakula hakijaiva hungoja kiive. Mwaka ule walikuja watatu, mchungaji na wazee wawili wa kanisa, kwa miguu kutoka Mlalo. Mama Mika aliwaona tangu bondeni, akafurahi kupata wageni. Alidhani wamekuja kwa ajili ya harambee ya bati. Akawapikia, akala nao, akawachekesha. Mchungaji akamwambia, "Ongeza kidogo, mama," naye akaongeza. Alipomaliza, ndipo mchungaji alipoweka kijiko chini.

Alinisimulia mara moja tu, miaka baadaye. Alisema angelijua, asingelimaliza sahani ile. Alisema kila tonge lilikuwa linamleta karibu.

Mimi sikuwapo mezani. Nilikuwa chumba cha giza, na filamu ikiwa kwenye dawa haiachwi. Nilisikia kilio chake ukutani, nikajua. Nilipotoka nyumba ilikuwa imejaa watu, wote wakiniambia pole. Walidhani nimekwisha kuambiwa.

Basi hajui, na anajua. Kichwa chake kiko siku tatu kabla ya habari, na mwili wake umekwisha kuipata. Anachofanya ni kufunga mlango pekee ambao adabu imemwachia.

Jumatatu, 6 Mei

Bado hali kitu. Chai pia ameikataa. Anachukua maji kidogo.

Jumanne, 7 Mei

Daraja la chini limechukuliwa na maji. Twaha amekata miti ya machela ili tumbebe hadi misheni, lakini hakuna pa kuvukia. Tulipojaribu kumwinua alishika fremu ya kitanda. Sikujua kwamba bado kuna nguvu katika vile vidole.

Latifa aliniita nje, chini ya mchirizi wa paa.

"Mwambie, mzee."

"Nimwambie nini?"

"Unajua nini. Anangoja neno moja na halisemwi. Liseme."

"Tumboni mwake hamna kitu, Latifa. Hata mnyama haambiwi hivyo."

"Atakufa kwa ajili ya adabu!" Alipaza sauti, kisha akainama. "Nisamehe, baba yangu. Lakini atakufa."

"Na akisahau kesho, nimwambie tena?"

Akarudi jikoni. Nimekaa humu na mafuta ya taa yanakwisha. Nimefikiria kumwambia uongo: kwamba Mika amerudi, yuko njiani, ale ili apate nguvu ya kumpokea. Angekula. Halafu angekaa dirishani siku zote zilizobaki.

Jumatano, 8 Mei

Niandike yote, polepole.

Asubuhi hakuweza kuketi. Midomo imempasuka. Macho yako mlangoni. Latifa alikuwa jikoni anapika uji ambao hakuna aliyeuomba.

Nilivaa koti la kanisani. Niliona habari ile haiwezi kusemwa na mtu aliyevaa sweta la kazini. Nikakaa kwenye kigoda, karibu na kichwa chake.

"Sijala," akasema kabla sijafungua kinywa.

"Najua."

"Basi huwezi."

"Naweza. Nisamehe. Nimekuja kukuambia na njaa yako, maana ungekufa ukiningoja."

Akaziba masikio. Niliishika mikono yake, nikaishusha, nikaiweka kifuani pake. Ilikuwa myepesi. Nikamwambia kwa Kishambaa, lugha aliyoambiwa mara ya kwanza, kisha nikarudia kwa Kiswahili, nisije nikasema baadaye kwamba hakuelewa. "Mika amefariki. Alifia vitani, mwezi wa tatu. Wenzake wamemzika huko huko."

Nilikuwa nimekiogopa kile kilio cha zamani nilichokisikia ukutani. Hakikuja. Hakuwa na nguvu ya kukitoa. Alifungua kinywa, ikatoka sauti ndogo, kavu, ikarudi, ikatoka tena. Ningependa kukisikia kile cha zamani.

Ilidumu. Nilimshika tu. Mvua ilipiga bati, ikaacha, ikapiga tena.

Kisha akanyamaza. Uso wake ulikuwa umelegea kama wa mtu aliyetua mzigo mahali pabaya, lakini ameutua.

"Sasa nipeni uji," akasema.

Latifa aliuleta mbio hata ukamwagikia mkononi. Akanywa kikombe kizima, kidogo kidogo, akaomba kingine. Mimi na Latifa hatukuthubutu kutazamana. Alipomaliza alilala kidogo. Alipoamka alijifuta midomo, akanitazama kwa heshima, kama anavyotazamwa mgeni.

"Asante, mchungaji, kwa kutembea na mvua hii," akasema. "Baba Mika ameshaambiwa?"

Nikafunga kifungo cha koti la kanisani.

"Hajaambiwa. Yuko chumba cha giza. Tafadhali msimwambie ninyi. Mtamwambia harakaharaka, naye ni mtu wa kukaa kimya, mtadhani amesikia. Nitamwambia mimi. Ila ale kwanza." Akamgeukia Latifa. "Binti yangu, unga upo?"

"Upo, mama."

"Niinue. Nitakaa hapo mekoni, wewe utasonga."

Nikasimama. "Nitakwenda kumwita," nikasema.

Nikatoka. Nilisimama mvuani mpaka nikasikia mwiko ukigonga sufuria. Twaha alikuwa kwenye banda lake. Aliniona nimelowa na koti la kanisani, akanisogelea. Nikavua koti nikampa alishike. Alilishika kwa mikono miwili. Kisha nikarudi kwenye nyumba yangu, nikapiga hodi.

"Karibu, Baba Mika." Alikuwa amekalishwa kitini, amejifunga kanga kichwani vizuri. "Umelowa. Kazi imekwisha?"

"Imekwisha."

"Kaa ule."

Ulikuwa ugali na maharage. Nilikula. Kila tonge lilikwenda kwa shida, na sasa nilijua alichomaanisha alipolisema lile la sahani. Nilipotaka kuacha akaisogeza karibu. "Ongeza kidogo," akasema. Nikaongeza. Nilikula mpaka maua yaliyochorwa chini ya sahani yakaonekana yote.

Akaninawisha yeye mwenyewe. Birika lilimwelemea, Latifa akataka kulishika, akamkatalia kwa macho. Kisha akaniwekea mkono begani.

"Nathanaeli," akasema. Hajaniita hivyo tangu Mika azaliwe. "Mtoto wetu hatarudi."

Akaniambia. Hakuharakisha. Akaniambia ni vitani, akaniambia ni mwezi wa tatu, akaniambia wenzake ndio waliomzika, watu wanaomjua, na kwamba ziwa halikumgusa. Alipofika mwisho hakuniambia nijikaze, kama tunavyoambiwa wanaume. Aliuacha mkono pale pale, akangoja nimalize kusikia.

Nikalia. Latifa alitoka, akatuvutia mlango.